Nafasi Katika Duara la Kwale

Mphuthumi alikuwa amemlaza mbwa juu ya gunia, mguu wake wa nyuma ameupakata, akimtoa miiba kati ya vidole kwa koleo dogo. Kila mwiba aliouchomoa aliutumbukiza kwenye kopo, kisha akapapaka mahali pale mafuta ya kondoo. Mbwa huyo, jike mweupe mwenye masikio ya kahawia aliyeitwa Nooi, ndiye aliyekuwa na pua nzuri kuliko wote katika shamba la Rietpoort. Aliwanusa kwale wangali mbali, akawanyemelea, kisha akasimama wima bila kutikisika, mguu mmoja juu, mpaka wawindaji wafike. Kazi ya Mphuthumi ilikuwa kumwongoza, kumrudisha, na kuwarusha ndege wakati wenye bunduki wamejipanga.

Karibu na mlango wa banda, mzee Sobantu alikuwa amekaa juu ya ndoo akiota makaa, buti zake zimelegezwa. Mguu wake wa kushoto haukuwa na vidole. Vilikatwa na jalidi, ule umande unaoganda usiku, mwaka juzi, alipoitwa na kwale akalale nao kilimani.

Kwale wa milima ile hulala chini, katikati ya majani, wamebanana kwa duara, mikia ndani na vichwa nje. Baridi ya Julai huko Stormberg hupasua mabomba ya maji, lakini kundi kamili huivuka. Kundi lililopunguzwa kupita kiasi haliivuki. Kwa hiyo jioni, jua likishazama, waliotawanywa na bunduki huanza kuitana mpaka wakutane, na wakishakutana wakaona nafasi iliyo wazi ni kubwa mno, humwita mtu. Humwita kwa jina la ukoo wake. Aliyeitwa huchukua blanketi, hupanda, hulala pale palipo wazi, na hushuka asubuhi jua likishayeyusha jalidi. Namna mtu mzima anavyoenea katika nafasi ya kwale hakuna aliyeweza kuieleza. Anaenea.

Zamani jambo hilo lilitokea mara chache. Mwenye shamba wa wakati huo, mzee Faan, alikuwa Mzungu, ila alipokuwa kijana baba yake Sobantu alimpa ukoo wa Bhele, na mwaka huohuo Faan alipiga kwale mpaka giza likaingia. Jioni ile wakamwita. Alikwenda, akarudi asubuhi nyusi zake zimekuwa nyeupe, na tangu hapo hakuna bunduki iliyolia Rietpoort baada ya jua kuacha mgongo wa mlima, ili ndege wapate muda wa kukusanyana. Hakuna aliyempiga ndege akiwa chini. Nusu ya kundi iliachwa, na kundi lililopigwa halikuguswa tena msimu ule. Wageni walioona masharti hayo ni mengi Faan aliwapa kahawa na kuwafungulia geti.

Faan alipokufa shamba likaenda kwa mume wa binti yake, Ruan, aliyekuja na mipango. Wageni wakaongezeka, wakapiga walivyotaka, wakarudi mijini kwa eropleni. Kwale hawakuzijua koo zao, wala hawakumjua Ruan kwa jina lolote. Wakaita watu waliokuwepo, yaani wale wa nyumba za wafanyakazi.

Mwezi wa sita walimwita mke wa Mphuthumi. Yeye, kama ilivyo kwa wanawake wa huko, aliitwa kwa ukoo aliozaliwa: MamTolo. Alirudi asubuhi na kikohozi, na kikohozi hakikutoka. Nesi wa zahanati alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akampa vidonge, akamwambia asilale tena na kwale mwaka huu. Mphuthumi alipobaki nyuma kuuliza, nesi akamwambia kwa sauti ya chini kwamba akilala nao tena, asimlete kwake, amwite kasisi.

Hilo ndilo alilokuwa akiliwaza pale bandani, koleo mkononi.

"Tata," alimwambia mzee kama anayemwita baba, "bosi apewe ukoo. Akiwa na jina, wataweza kumwita yeye."

Sobantu aligeuza mguu wake upande wa pili wa makaa. Alikubali kwamba wazo lilikuwa zuri. Shida ilikuwa ukoo upi.

"Bhele hapana. Faan alikuwa Bhele, kwa hiyo binti yake ni Bhele. Ukimpa na mkwe, umemlaza mtu na dada yake."

"Basi wa kwangu. Qwathi."

"Uwe kaka yake?" Mzee alicheka puani, kisha akamwita kwa jina la sifa la kina Qwathi. "Kaka hamlipi kaka mshahara, Dikela. Hilo atalikumbuka kabla ya mwisho wa mwezi."

MamTolo alikuwa amesimama mlangoni na vikombe viwili vya chai. Alisubiri kikohozi kipite, kisha akaviweka chini.

"Mpeni wetu," alisema. "Hapa shambani Tolo ni mimi peke yangu. Nikipata kaka, akiitwa Tolo ataitwa yeye kwanza. Mwanamume hutangulia."

Mphuthumi akamtazama Sobantu, na Sobantu akatazama chai.

"Na asipokwenda?" mzee aliuliza.

Swali hilo halikuwa na mfano. Aliyeitwa alikwenda, kama aliyefiwa anavyozika. Hata mlevi mmoja wa nyumba ya mwisho aliwahi kupanda akitukana njia nzima, lakini alipanda. MamTolo alisema Faan alikwenda. Sobantu alisema Faan alikuwa Faan. Baada ya hapo walikunywa chai, na Mphuthumi akarudia mguu wa mbwa, na jambo likahesabiwa limekubaliwa.

Ruan alifurahi kuliko walivyotarajia. Alitoa mbuzi mwenyewe. Jumamosi alikaa na wanaume kwenye zizi, akapokea chombo cha pombe ya mtama kwa mikono miwili kama alivyoelekezwa, akanywa bila kukunja uso. Sobantu alisimama akamsifia kwa sifa za kina Tolo, akamwita Dlangamandla, jina la sifa la ukoo huo, na Ruan akaomba arudiwe jina mpaka alipolishika. Kisha mzee akamweleza, polepole na bila kuficha, kazi inayokuja na jina: kwamba kwale wakimwita jioni apande. Ruan aliitikia kwa kichwa mpaka mwisho, kama mtu anavyosomewa masharti ya bima, akasema kila heshima ina wajibu wake. Wiki iliyofuata zikaletwa kofia za wageni, zimedariziwa Dlangamandla kwa uzi wa dhahabu.

Nyumbani Mphuthumi alilala vizuri siku kadhaa. MamTolo naye alisema kifua kimelegea kidogo.

Wageni wa Ijumaa walikuwa watatu. Aliyeongea zaidi alikuwa daktari wa meno kutoka Pretoria, mtu mcheshi, mwenye bunduki ya marisau iliyochongwa majani kwenye kitako. Asubuhi walipiga vizuri. Waliacha ndege wainuke, wakachagua, na kila aliyeanguka Nooi alimleta mdomoni bila kuharibu manyoya yake. Daktari alipokosa alijicheka. Alimuuliza Mphuthumi jina la kila mmea, akagawana biskuti yake na mbwa. Mphuthumi alimpenda, na aliona hakuna ubaya katika kumpenda.

Baada ya chakula walipanda mteremko ulio juu ya kijito. Nooi akapunguza mwendo, akainama, akasimama. Mphuthumi alilijua kundi lile. Lilikuwa limepigwa wiki iliyopita na wageni wengine.

"Hawa wameshapigwa, bosi," alimwambia Ruan. "Twende ng'ambo."

Ruan alisema ng'ambo ni mbali na daktari ana goti bovu. Mphuthumi akaenda akawarusha. Waliinuka kwa kishindo, bunduki zikalia, kadhaa wakaanguka na waliobaki wakateleza na upepo wakatua mmojammoja kwenye majani ya chini, kila mmoja mahali pake. Jua lilikuwa bado limeshika mgongo wa mlima, lakini kwa shida. Kivuli kilikuwa kimeanza kushuka, na mahali kilipopita majani yalibadilika rangi na kuacha kucheza.

Huo ndio ulikuwa wakati wa kufungua bunduki na kutoa risasi. Wakati wa Faan hakuna aliyehitaji kuambiwa. Wanaume walizifungua bunduki zao mkononi wakiwa wanaongea mambo mengine, wakashuka. Mphuthumi alimpigia Nooi mluzi wa kurudi. Nooi aligeuza sikio moja tu. Alikuwa ameshampata mmoja wa waliotawanyika, akasimama tena, na kivuli kikafika miguuni kwake.

"Ah," alisema daktari. "Tazameni hiyo. Mmoja tu wa mwisho, Ruan."

"Mmoja wa mwisho," alisema Ruan.

Mphuthumi alisema jua limeondoka. Alilisema kwa adabu, akiwa ameshika kofia yake. Alisema waliobaki ni wachache na wametawanyika, na bila muda hawatakutana. Kisha akapiga mluzi wa pili.

Ruan hakupandisha sauti. Alimkaribia ili wageni wasisikie, na harufu ya chungwa ilikuwa bado mdomoni mwake.

"Ukimwita tena huyo mbwa, Mphuthumi, Jumatatu utafute nyumba nyingine."

Nyumba ilikuwa ile yenye jiko la makaa, chumba kimoja kisichopitisha upepo, na ndimo MamTolo alimolala. Mphuthumi alivaa kofia. Akatembea mpaka alipokuwa mbwa, akapiga majani kwa fimbo.

Ndege wa kwanza aliinuka vizuri, akafa vizuri. Yule wa mwisho akawa wanne au watano, kwa sababu Nooi aliendelea kuwapata, naye Mphuthumi aliendelea kupiga majani, bila kuinua uso. Ndege mmoja hakuruka. Alikimbia kwa miguu kati ya mawe, shingo imenyooka, na daktari akampiga akikimbia. Marisau yalimvunja bawa tu. Akabingirika, akasimama, akaingia kwenye matete ya kijito.

Mgeni mmoja alitazama vifungo vya koti lake. Daktari alisema giza lilimdanganya, na kwamba hapendi kumwacha ndege na jeraha. Alisema kweli, uso wake ulionyesha. Ruan akamshika bega, akamwambia mbwa atamtafuta kesho.

Nyumbani kwa bosi waliwasha moto mkubwa. Mphuthumi alikuwa akiingiza kuni kwenye kibaraza chenye milango ya vioo, wageni wakiwa wamenyoosha miguu na glasi mkononi, kwale walipoanza. Mwanzo waliitana wao kwa wao, filimbi fupi kutoka huku, nyingine kutoka kule, zikisogeleana. Zilikuwa chache. Mphuthumi alibaki ameshika kuni kifuani akizifuata kwa masikio. Moja kutoka kijitoni ililia mara kadhaa bila kusogea, kisha ikanyamaza. Nyingine zikakutana juu mteremkoni, zikawa pamoja, zikapumzika.

Kisha wakaita: Dlangamandla.

Walilitamka vizuri, kwa sauti ileile ya filimbi. Wageni wakaacha kuongea. Wakaita tena.

"Si jina lako hilo?" daktari aliuliza.

"Ndilo," alisema Ruan, akatabasamu, akagusa kofia yake. "Wananijua."

Mphuthumi aliweka kuni chini. Hakuwahi kumwelekeza mtu huyu jambo lolote ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Bosi, wanakuita," alisema. "Blanketi ninalo. Nitakusindikiza mpaka kwenye uzio wa waya."

Ruan alimtazama bila hasira. Alikuwa amechoka, na alikuwa na wageni, na nje kioo cha gari lake kilikuwa tayari kimeanza kuwa cheupe.

"Nimesikia," alisema. "Waambie kesho."

Akainuka, akavuta mlango wa kioo mpaka ukafunga. Wito wa tatu ulisikika kwa mbali sana. Daktari alisogeza kiti chake karibu na moto, akauliza kama kwale hupikwa na divai au na maziwa.

Mphuthumi alitoka kwa mlango wa jikoni. Alisimama uani akisikiliza, na kwa kitambo kidogo alithubutu kufikiri kwamba wamekata tamaa, kwamba hivyo ndivyo inavyokuwa. Mbwa kwenye banda lao walikuwa kimya. Moshi wa nyumba za wafanyakazi ulikuwa umesimama wima. Ndipo akasikia wakimwita ndugu anayefuata.

Alipofika nyumbani MamTolo alikuwa ameshavaa jozi mbili za soksi na koti lake la Jumapili, na alikuwa akikunja blanketi la pili. Sobantu alikuwa amesimama nje karibu na ukuta, kofia mkononi, hakuingia.

"Usiende," alisema Mphuthumi.

"Kaka yangu amekataa?"

"Amesema kesho."

MamTolo alitikisa kichwa, kama aliyeambiwa duka limefungwa. Alikaa kitandani avae viatu, na kikohozi kikampata akiwa ameinama, kikamweka hivyo muda mrefu. Mphuthumi alimshika mgongo. Chini ya kiganja chake mifupa ilikuwa myembamba na mepesi, na katikati ya mabega, ndani ya koti, kulikuwa na kitu laini kama manyoya kilichoota tangu ule usiku wa mwezi wa sita, ambacho wote wawili walikuwa wamezoea kutokitaja.

"Umeshakuwa mgonjwa. Nesi alisema. Kaa tu, na sisi tuone. Yeye amekaa, na hakuna kilichompata."

"Hakuna," alikubali. "Yeye hajawahi kulala nao." Akafunga kamba za kiatu cha pili. "Wamebaki wanne, Dikela. Nimewahesabu wakiitana. Wanne hawafiki asubuhi. Mara ile ubavuni kwangu kulikuwa na mmoja mdogo, wa mwaka huu. Alikuwa akitetemeka, halafu akaacha, kwa sababu nilikuwepo. Sasa nikae hapa kwenye jiko nimsikilize?"

Mphuthumi aliona kwamba yeye ndiye aliyempigia majani ndege wa mwisho, kwa ajili ya jiko hilohilo. MamTolo alikuwa akimtazama, na yawezekana alilijua.

Walipanda pamoja mpaka kwenye waya, kwa sababu hapo ndipo msindikizaji huishia. Majani yalikuwa yameanza kulia chini ya viatu. MamTolo aliinama, akapita kati ya nyaya, akapokea mablanketi, akaenda bila kugeuka, akikohoa mdomo ukiwa ndani ya mtandio ili asiwashtue. Mahali fulani mteremkoni umbo lake lilishuka kama mtu anayepiga magoti, na baada ya hapo hapakuwa na umbo. Filimbi ndogo zikasikika, za kupisha na kujipanga. Kisha kimya.

Sobantu alikuwa amefika nyuma, akivuta mguu. Alisema kuna jambo moja ambalo baba yake alimwambia, na kwamba hajui kama ni kweli. Ndege aliyejeruhiwa akipatikana angali hai, akarudishwa kwenye duara, nafasi inakuwa si ya mtu tena. Aliyeitwa anaweza kushuka hata kabla ya jua.

Mphuthumi hakungoja amalize. Alikwenda bandani akamfungua Nooi.

Walianza mahali ndege alipoangukia. Nooi alipata damu juu ya jiwe, akapata manyoya, akaingia kwenye matete, mkia ukifanya kazi. Mphuthumi alimfuata akipapasa chini ya kila kichaka cha majani kwa mkono mtupu, taratibu, toka ukingo mmoja wa kijito hadi mwingine, asiache mahali. Mara mbili mbwa alisimama, na mara mbili palikuwa patupu pakiwa bado na joto. Ndege alikuwa akitembea mbele yao. Hilo lilimpa matumaini, kwa sababu anayetembea yu hai. Akamnong'oneza mbwa, "Taratibu, mama, taratibu," na wakasonga.

Halafu jalidi likatua. Aliliona likija kwenye matete kutoka juu, jeupe, likifunga jani baada ya jani, na liliposhika ardhi harufu ikafa. Nooi aliinua kichwa. Alijaribu upande mmoja, akajaribu mwingine, kisha akarudi akaketi mbele ya bwana wake na kumtazama. Pua ya mbwa haifanyi kazi juu ya jalidi. Itafanya kazi jua litakapolilegeza, si kabla.

Upande wa nyumba kubwa, dirisha la chumba cha wageni lilikuwa na mwanga, na vivuli vya watu vilikuwa vikisafisha bunduki. Ruan alikuwa ameshamwagiza Nokhaya wa jikoni kifungua kinywa cha mapema. Goti la daktari lilikuwa halijapona, kwa hiyo asubuhi wangeanza na mteremko wa karibu, uleule, ambako ilijulikana wamebaki ndege wachache na yule mwenye jeraha. Mphuthumi alitakiwa awe tayari na mbwa getini jua likichomoza.

Alihesabu kichwani kipi kitatangulia, jua kulegeza jalidi au wageni kupanda, akahesabu tena. Juu mteremkoni mtu alikohoa, na kwale mmoja akamjibu kwa sauti ya chini, ya kubembeleza.

Alichomeka fimbo yake kwenye tope lililoganda, mahali alipokuwa amefika, ili asubuhi aanzie hapo na asirudie palipokwisha tafutwa. Upande wa pili wa fimbo kijito kiliendelea, matete kwa matete, mpaka kwenye bwawa.